Mtihani wa fikra tunduizi: dakika zako zinaishia wapi?

*Mwalimu, shikamoo. Nimebakiza miezi miwili nifanye mtihani wa fikra tunduizi. Karatasi yetu ina alama 50 na muda ni dakika 105. Sehemu ya kwanza hutoa vyanzo vitano kuhusu tukio moja, nasi tunavitathmini. Sehemu ya pili ni kuchambua hoja na kuandika hoja yetu wenyewe. Nina matatizo mawili. Kwenye vyanzo naandika sana, hata nusu ukurasa, lakini napewa alama 1 kati ya 3. Halafu sijawahi kumaliza karatasi: swali la mwisho la alama 8 naliacha tupu au naandika mistari miwili. Nimeshauriwa nisome haraka zaidi, ila nikisoma haraka sielewi. Je, nianze na swali la mwisho?*

Marahaba. Umeleta matatizo mawili, lakini nikiyatazama naona ni moja. Unachelewa kwa sababu unaandika ambayo hukuulizwa, na unapata alama 1 kwa sababu hiyohiyo. Huyo aliyekwambia usome haraka ana nia njema, ila sidhani kama ameona karatasi zako za majibu. Mwanafunzi anayejaza nusu ukurasa kwa swali la alama 3 hana shida ya kusoma. Shida yake ni kwamba anasoma bila kujua anatafuta nini, kwa hiyo kila anachokiona anakiokota.

Nimesahihisha majibu ya namna hii kwa miaka mingi, na naweza kukisia lako lilivyo. Swali linasema: tathmini kuaminika kwa chanzo B. Mwanafunzi anaandika kwamba B ni mlinzi, alikuwepo, kwa hiyo aliona. Lakini huenda ana upendeleo. Tena si mtaalamu. Tena hatujui sifa yake. Tena alikuwa anaongea na mwandishi wa habari, na waandishi wa habari hutia chumvi. Sentensi tano, zote za kweli kwa kiasi fulani, na zote zingeweza kuandikwa kuhusu mlinzi yeyote katika tukio lolote. Msahihishaji anatafuta mahali pa kuweka tiki na hapaoni, kwa sababu hakuna hata sentensi moja iliyogusa alichokisema huyo mlinzi.

Vigezo ulivyofundishwa si vibaya. Wengi wamekariri kifupisho RAVEN, ambacho kinakumbusha mambo matano: sifa ya mtoa habari, nafasi aliyokuwa nayo ya kuona au kujua, maslahi yake, utaalamu wake, na kama ameegemea upande. Wengine wanatumia CRAAP, kipimo cha kutathmini vyanzo kilichotungwa mwaka 2004 na Sarah Blakeslee, mkutubi wa chuo kikuu cha jimbo kilichoko Chico, California. Hizi ni orodha za kukumbusha tu. Mwanafunzi akizigeuza fomu ya kujaza, kila kigezo kikapata sentensi yake, amepoteza dakika na amekosa alama kwa pigo moja. Katika vigezo vitano, mara nyingi viwili tu ndivyo vyenye uzito kwa chanzo ulichopewa. Kazi yako ni kuvijua viwili hivyo na kuviacha vile vitatu bila kuona haya.

Badala ya kueleza hewani, tutunge karatasi. Ghala la kiwanda limeungua saa nane usiku. Swali kubwa la mwisho wa sehemu ya kwanza, la alama 8, linauliza: kuna uwezekano gani kwamba moto ulitokana na uzembe wa wenye kiwanda? Vyanzo ni hivi.

Chanzo A ni taarifa ya kampuni, iliyotolewa asubuhi ileile: "Mfumo wetu wa umeme ulikaguliwa mwezi uliopita na kukutwa salama. Tunaamini kuna mtu aliyewasha moto kwa makusudi."

Chanzo B ni mlinzi wa zamu ya usiku, akihojiwa na mwandishi: "Niliona cheche kwenye kibao cha umeme kabla ya moshi. Na nilishawaambia mara mbili kwamba taa za humo zinazimikazimika."

Chanzo C ni fundi umeme aliyeachishwa kazi miezi mitatu kabla ya moto, akiandika mtandaoni: "Nyaya za ghala lile zilikuwa zimechakaa. Niliomba zibadilishwe, wakakataa."

Chanzo D ni ripoti ya awali ya zimamoto, siku mbili baadaye: "Moto ulianzia karibu na kibao cha umeme. Hakuna dalili za petroli wala kimiminika kingine cha kuwashia. Uchunguzi unaendelea."

Chanzo E ni jirani: "Dakika chache kabla ya moto nilimwona mtu akikimbia kutoka upande wa ghala."

Sasa rudi kwa mlinzi. Kabla ya kuuliza kama yeye ni mtu wa kuaminika, uliza amedai nini. Amedai mambo mawili, na hayalingani uzito. Dai la kwanza ni kwamba aliona cheche. Hapo nafasi yake ya kuona ndiyo yenye uzito: alikuwa zamu, mahali penyewe, saa yenyewe, na kuona cheche hakuhitaji utaalamu. Dai la pili ni kwamba alishatoa taarifa mara mbili. Hapo suala si macho tena, suala ni maslahi. Mlinzi ambaye ghala limeungua mikononi mwake ataulizwa alikuwa wapi, na akiweza kuonyesha kwamba alishaonya, lawama inamwondokea. Kwa hiyo dai la kwanza lina nguvu kuliko la pili, ingawa kinywa kilichoyasema ni kimoja.

Jibu la alama 3 ni hilo. Liandike hivi: "Dai la mlinzi kwamba aliona cheche linaaminika kwa kiasi kikubwa kwa sababu alikuwa zamu mahali pale na kuona cheche hakuhitaji utaalamu. Lakini dai kwamba alishatoa taarifa mara mbili ni dhaifu zaidi, kwa sababu linamwepusha na lawama ya kutolinda ghala." Sentensi mbili. Ukiziandika kwa mkono hazifiki dakika 3. Ndani yake kuna dai lenyewe, kuna sababu inayotoka kwenye chanzo, na kuna mwelekeo: sababu hiyo inaongeza au inapunguza kuaminika, na kwa nini. Kimojawapo kikikosekana, alama inakosekana nacho. Nakuomba uchukue karatasi zako za zamani na uzipitie kwa jicho hili. Nadhani utagundua kwamba dai lenyewe ndilo unalolisahau karibu kila mara.

Niseme zaidi kuhusu maslahi, maana hapa ndipo alama nyingi zinapovuja. Wanafunzi wengi wakiona maslahi wanaandika "kwa hiyo anadanganya", kisha wanasonga. Maslahi hayasemi mtu anadanganya. Yanaonyesha upande ambao maneno yake yangeelekea kama angekuwa anapinda. Kwa hiyo uliza kwanza: maslahi yanavuta wapi, na dai limeelekea wapi? Vikienda njia moja, shaka inaongezeka. Dai likienda kinyume cha maslahi, nguvu inaongezeka. Kama kampuni yetu ingesema "ukaguzi wa mwezi uliopita tuliuahirisha", sentensi hiyo ingekuwa ushahidi mzito kuliko vyote vitano, kwa sababu hakuna anayejisingizia kosa la kumtia hasarani bila sababu. Halafu kuna maslahi ya aina nyingine ambayo wachache huyaona: maslahi ya kutokamatwa. Kampuni imesema ukaguzi ulifanyika mwezi uliopita. Hilo ni jambo ambalo mtu anaweza kwenda kuulizia cheti chake. Kudanganya kuhusu jambo linalokaguliwa kirahisi ni hatari kwa jina la kampuni, kwa hiyo sehemu hiyo ya chanzo A ina nguvu kiasi. "Tunaamini kuna mtu aliyewasha moto" haina nguvu hiyo, maana imani haina cheti. Ukimwonyesha msahihishaji kwamba umeona tofauti kati ya sentensi mbili za chanzo kimoja, umeshajitenga na rundo.

Maslahi yanaweza pia kujificha nyuma ya jina kubwa. Mwezi Februari 1998 jarida la kitabibu The Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, ikidokeza uhusiano kati ya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na tatizo la usonji. Daktari, jarida lenye heshima kubwa, vigezo viwili vya orodha vimetimia. Mwaka 2004 mwandishi wa habari Brian Deer alifichua kwamba Wakefield alikuwa analipwa na wanasheria waliokuwa wanajiandaa kuwashtaki watengenezaji wa chanjo, na mwaka 2010 jarida likaifuta makala hiyo. Kati ya hapo, mwaka 2002, ulitoka utafiti wa Denmark uliofuatilia watoto 537,303 na haukuona uhusiano wowote. Sikuletei kisa hiki ili ukiandike kwenye mtihani. Karatasi inataka ushahidi uliomo ndani yake. Nakuletea ili uache kuandika "ni daktari, kwa hiyo anaaminika". Uliza daktari wa nini, aliona wangapi, nani anamlipa. Linus Pauling alipata tuzo mbili za Nobel, ya kemia mwaka 1954 na ya amani mwaka 1962, na bado madai yake makubwa kuhusu vitamini C na saratani hayakusimama yalipopimwa. Utaalamu una mipaka ya shamba lake.

Nafasi ya kuona nayo ina undani wake. Kuona ni jambo moja, kukumbuka ni jingine. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu ya magari yakigongana, kisha wakawauliza kuhusu mwendo. Kundi moja liliulizwa kwa kitenzi cha kawaida cha kugongana, kundi jingine kwa kitenzi kikali zaidi, kama mtu aseme yalipondana. Wiki moja baadaye wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika kundi la neno kali, 16 kati ya 50 walisema ndiyo. Katika kundi la neno la kawaida ni 7 kati ya 50. Kwenye filamu hakukuwa na kioo chochote kilichovunjika. Mtazame tena mlinzi wetu: anahojiwa na mwandishi, na swali aliloulizwa hatulioni. Kama aliulizwa "uliona cheche?", jibu lake lina uzito pungufu kuliko kama aliulizwa "uliona nini?". Hii ni hoja nzuri ya nyongeza kwa swali la alama 6. Kwa swali la alama 3 iache, hata kama inakuwasha mkono.

Twende kwenye kulinganisha vyanzo. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwahi kuwaweka watu 45 mbele ya tovuti wasizozijua: wanahistoria 10, wakaguzi wa ukweli wa vyombo vya habari 10, na wanafunzi wa chuo hicho 25. Wanafunzi na wanahistoria wengi walibaki kwenye ukurasa uleule, wakiusoma kutoka juu hadi chini na kuhukumu muonekano wake. Wakaguzi wa ukweli waliondoka upesi, wakafungua kurasa nyingine kuona wengine wanasema nini kuhusu tovuti hiyo. Walifika kwenye jibu sahihi mara nyingi zaidi, tena kwa muda mfupi zaidi.

Kwenye chumba cha mtihani huna kurasa nyingine za kufungua. Lakini una vyanzo vinne vingine kwenye karatasi ileile, na hivyo ndivyo kurasa zako. Chanzo kimoja ukikisoma peke yake mara tatu hakitakwambia mengi kuliko ulichokiona mara ya kwanza. Kisome mara moja, nenda kingine, kisha rudi na swali: nani anaunga mkono dai hili, nani analipinga, na je, alijua mwenyewe au alisikia?

Hilo la mwisho lina alama nyingi ndani yake. B na C wote wanazungumzia umeme mbovu, na mwanafunzi wa haraka ataandika kwamba wanathibitishana. Huenda ni kweli. Lakini fundi aliandika mtandaoni, na mlinzi anaweza kuwa amesoma, au walikuwa wakizungumza kazini siku zote. Kama mmoja amechota kwa mwenzake, hao si mashahidi wawili, ni mmoja mwenye vinywa viwili. Fundi naye ana mambo yake: ana utaalamu wa jambo lenyewe, alizifanyia kazi nyaya zilezile, lakini ameachishwa kazi na anaweza kuwa na kinyongo, tena alichokiona ni cha miezi mitatu nyuma. Ukaguzi wa kampuni ni wa mwezi uliopita, baada ya yeye kuondoka. Kwa hiyo A na C wanaweza wote kuwa wamesema kweli. Ukiiona nafasi hiyo, kwamba vyanzo viwili vinavyoonekana kugombana havigombani, iandike. Wengi wataipita bila kuiona.

Na sasa jambo ninalolipenda kuliko yote katika karatasi za namna hii. Chanzo kinachoaminika kuliko vyote hapa ni D. Wana utaalamu, hawana upande, wamefika penyewe. Lakini soma swali tena: linauliza kuhusu uzembe wa wenye kiwanda. D anazungumzia mahali moto ulipoanzia. Kuanzia karibu na kibao si lazima kibao ndicho kilichouleta, na hata kama ndicho, umeme unaweza kuharibika bila mtu kuzembea. Chanzo chenye nguvu kuliko vyote kinaligusa swali kwa mbali. Wanaoligusa moja kwa moja ni C na nusu ya pili ya B, yaani wale wenye sababu za kupinda. Ukiliona hilo umelielewa swali, na jibu lako litajiandika.

Jibu la alama 8 basi linaweza kuwa fupi kuliko unavyodhani:

"Uzembe unawezekana, lakini ushahidi haujautosheleza. Kwamba moto ulitokana na umeme kuna uwezekano mkubwa: zimamoto (D), wenye utaalamu na wasio na upande, wanasema ulianzia karibu na kibao, na mlinzi (B), aliyekuwa mahali pale, aliona cheche. Kukosekana kwa kimiminika cha kuwashia kunadhoofisha dai la kampuni (A) kwamba uliwashwa kwa makusudi. Mtu aliyeonwa na jirani (E) anaweza kuwa alikuwa anakimbia hatari, ingawa kama alikimbia kabla moshi haujaonekana, suala hilo halijafungwa. Kuhusu uzembe wenyewe, tunategemea fundi (C) na mlinzi. Wote wana sababu ya kuielekeza lawama kwa kampuni, na hatuna hakika kwamba kila mmoja alijua kivyake. Ukaguzi wa mwezi uliopita, ambao ni rahisi kuuhakiki, unapunguza uwezekano wa uzembe, ingawa hatujaambiwa nani aliufanya. Kwa hiyo uzembe una uwezekano wa wastani. Rekodi ya ukaguzi huo ndiyo ingeamua."

Lihesabu. Ni maneno yanayozidi mia moja kidogo. Linatoa msimamo, linatumia vyanzo vyote vitano, linapima nguvu zake badala ya kuvirudia, linatazama maelezo mengine yanayowezekana, na msimamo wake hauzidi ushahidi. Wewe nusu ukurasa wako unautumia kwa swali la alama 3; hapa ndipo mahali pake.

Sasa saa. Una dakika 105 kwa alama 50, na wengi wanagawa moja kwa moja wakapata dakika 2 na kidogo kwa kila alama. Hesabu hiyo inakudanganya, kwa sababu hakuna dakika ya kusoma ndani yake. Ondoa dakika 5 za kusoma vyanzo, 5 za kusoma hoja ya sehemu ya pili, na 5 za kurudi mwishoni. Zinabaki 90. Kila alama inapata dakika 1 na sekunde 48. Swali la alama 3 ni dakika 5 na nusu, la alama 8 ni dakika 14.

Usiandike urefu wa muda pembeni mwa swali. Ukiwa katikati ya sentensi hutakumbuka ulianza lini. Andika saa ya kuondoka. Tuseme mtihani unaanza saa 3:00 na sehemu ya kwanza ina maswali ya alama 3, 3, 6 na 8. Pembeni mwa la kwanza unaandika 3:10, la pili 3:16, la tatu 3:27, la nne 3:41. Sehemu ya pili: kusoma hadi 3:46, na popote utakapokuwa, swali la mwisho la alama 8 unalianza saa 4:26. Saa 4:40 umeweka nukta. Kuandika tarakimu hizi kunakula dakika moja, na unaweza kuzikokotoa nyumbani kama mpangilio wa alama wa karatasi zenu haubadiliki. Ikifika saa ya kuondoka, ondoka. Acha mistari mitatu wazi uende.

Najua kuondoka kunauma. Lakini angalia bei yake. Ukikaa dakika 15 kwenye swali la alama 3, umezidisha karibu dakika 10, na dakika 10 ni sawa na alama 5 na ushee za swali la mwisho. Umezitoa hizo kutafuta alama moja. Alama za mwanzo za swali lolote hupatikana upesi. Ile ya mwisho ndiyo inayokula muda. Kwa hiyo karatasi yenye majibu yote yaliyokamilika kwa theluthi mbili huwa na alama zaidi ya karatasi yenye majibu matatu mazuri mno na ukurasa mweupe.

Dakika 5 za kusoma vyanzo zitumie hivi. Kwanza soma maswali yote ya sehemu hiyo, hasa lile la alama 8, na upigie mstari neno linalolibeba. Kwetu lilikuwa "uzembe". Ndipo usome vyanzo, kila kimoja kwa dakika moja au pungufu. Pembeni mwa kila chanzo weka alama tatu tu: dai lipi linagusa lile neno, alijuaje, na anapata nini au anapoteza nini. Usipige mistari kila mahali, maana karatasi iliyopigwa mistari yote ni sawa na isiyopigwa hata mmoja. Utaona kwamba kusoma kwako hakukuhitaji kasi. Mtu anayejua anachokitafuta hupita haraka bila kukimbia.

Kuhusu sehemu ya pili sina mengi, kwa sababu huko malalamiko yako ni ya muda tu, nao tumeshaugawa. Ukiulizwa kutaja hitimisho kuu la hoja, nakili maneno ya mwandishi, usiyafafanue. Ukiulizwa udhaifu, taja hatua gani hadi hatua gani haifuatani. Kutaja jina la kosa la kimantiki peke yake hakutoshi.

Miezi miwili ni mingi. Mwezi wa kwanza usifanye karatasi nzima hata moja. Chukua chanzo kimoja kutoka karatasi ya zamani, weka saa dakika 5, andika sentensi zako mbili kwa mkono, kisha fungua mwongozo wa usahihishaji na ujipe alama kwa ukali. Fanya hivyo mara mbili kwa siku. Ripoti za wasahihishaji zikipatikana kwa mtihani wenu, zisome pia. Ndani yake utakuta makosa yako yameelezwa na mtu asiyekujua. Mwezi wa pili, karatasi nzima mara moja kwa wiki, na saa za kuondoka zikiwa zimeandikwa. Ukishindwa kuziheshimu nyumbani hutaziheshimu kwenye chumba cha mtihani.

Na lile ulilouliza mwishoni: uanze na swali la mwisho? La sehemu ya kwanza, hapana. Lisome kwanza, liandike mwisho, kwa sababu maswali madogo ndiyo yanayokufanya uvipime vyanzo utakavyovitumia humo. Ukianza nalo utafanya kazi hiyohiyo mara mbili. La sehemu ya pili, lile la kuandika hoja yako mwenyewe, ni tofauti. Linasimama lenyewe, halihitaji ujibu mengine kwanza. Kama kwenye karatasi zako mbili za mwanzo za mwezi wa pili bado saa 4:26 itakukuta mbali nalo, lifanye mara tu unapoingia sehemu ya pili, saa 3:46 hadi saa 4:00, halafu urudi kwenye hoja uliyopewa. Jaribu mipangilio yote miwili kabla ya siku yenyewe, uchague mmoja, na usibadilishe mawazo ukiwa umeshakaa kwenye kiti.